Simu Nayo ni Mizani



Mkulima wa Babati anapomuuzia mbaazi mnunuzi asiyemfahamu, siku hizi anaweza kulipwa kwa simu. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, iliwawezesha wasiojuana kuaminiana kwa hatua ndogo: jina la mpokeaji huonekana kabla mtumaji hajathibitisha, na pande zote mbili hupata ujumbe.

Lakini ujumbe humlinda yule awezaye kuusoma. Tapeli hutunga ujumbe wa malipo unaofanana na ule wa kweli. Naye bibi asiyejua kusoma humkabidhi mtu simu pamoja na namba ya siri. Mwaka 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa, lakini utapeli haukukoma.

Haki yadai kwamba watengenezaji wa huduma hizi wamfikirie kwanza mnyonge, kwa mfano kwa kumsomea salio kwa sauti, katika lugha aielewayo. Nasi viongozi wa jumuiya tuwafundishe wazee wetu: mzigo usiondoke kabla ya kuhakiki salio.

Mizani ya uongo sokoni twaikemea. Simu nayo sasa ni mizani.