Wazee wetu warudishiwe nyimbo zao

Na Rehema Kijazi

Mwaka 1993 wanamuziki wakongwe wa Dar es Salaam waliunda bendi wakaiita Shikamoo Jazz. Walikuwa watu waliotamba enzi za bendi za jazz, kisha umri ukasonga na vyombo vikawatoka mikononi. Waliosaidia kuwarudisha jukwaani ni HelpAge International, shirika linalohudumia wazee. Lingeweza kugawa mablanketi na sukari tu, na hakuna ambaye angelalamika. Lakini liliona kwamba mpiga gitaa mzee anahitaji gitaa. Kila nikisoma jambo jipya kuhusu muziki na ubongo wa mzee huikumbuka bendi ile, kwa sababu majumbani mwetu tunafanya kinyume chake.

Mzee anahamishiwa mjini kwa mwanawe, redio yake inabaki kijijini. Sebuleni runinga ni ya wajukuu. Kwaya aliyoiimbia tangu ujana imemwomba apishe damu changa. Harusini anakalishwa kiti cha mbele, anapewa soda, na akiinuka tu kucheza mikono mitatu inamrudisha chini asije akaanguka. Anapata chakula, anapata dawa za presha, na siku nzima hasikii hata wimbo mmoja ulio wake.

Shangazi yangu wa Tanga, Mungu amrehemu, miaka yake ya mwisho aliniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Alisahau kama amekula. Lakini kasida ikianza kwenye maulidi, aliipokea na kuitikia hadi mwisho bila kuteleza. Jamaa waliona ni maajabu. Maelezo yapo. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Leipzig, Ujerumani, walichunguza sehemu za ubongo zinazohifadhi nyimbo za zamani, wakaona kwamba sehemu hizo huathirika kidogo kuliko nyingine ugonjwa wa Alzheimer unapoushambulia ubongo. Majina ya watoto yanaweza kupotea na wimbo wa ujanani ukabaki. Tena wimbo haukai peke yake. Umeshikana na mwendo wa miguu, na furaha, na watu tuliokuwa nao tulipousikia, ndiyo maana ukiguswa huamsha mengi kwa pamoja.

Mjini Helsinki, Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia watu waliopatwa na kiharusi. Baadhi walisikiliza kila siku, kwa miezi miwili, muziki walioupenda wenyewe. Wengine walisikiliza vitabu vilivyosomwa kwa sauti, na wengine hawakupewa chochote cha kusikiliza. Kumbukumbu ya maneno na uwezo wa kuzingatia jambo vilirudi vizuri zaidi kwa wale wa muziki. Kwa mgonjwa wa Parkinson, mdundo ulio sawasawa unaweza kumwongoza apige hatua ambazo miguu ilikuwa imezigomea.

Ninachokisisitiza ni kwamba mzee aimbe na acheze mwenyewe. Kuwashiwa redio ni mwanzo tu. Huko Bronx, New York, watafiti waliwafuata watu 469 waliopita miaka 75, na mwaka 2003 wakaeleza kwamba waliokuwa wakicheza dansi au kupiga ala za muziki mara kwa mara walipata dimenshia, yaani maradhi ya kudhoofika akili kama Alzheimer, kwa nadra kuliko wasiofanya hivyo. Sitalitia chumvi jambo hili: huenda wenye ubongo mzima ndio wanaobaki na hamu ya kucheza. Wala hakuna wimbo unaoiponya Alzheimer. Lakini dansi inadai ukumbuke hatua, umsikilize mwenzako, ushike mizani ya mwili na ucheke, vyote kwa wakati mmoja, na gharama yake ni nafasi ya sebule.

Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, hakuna aliyejua kwa hakika umri wake, ila sote tulijua kwamba ni mkongwe mno. Aliendelea kuimba taarabu na kupiga ngoma katika umri ambao wengine hawatolewi nje hata kuota jua. Wanawali aliowafunda unyago walipokea mafunzo kwa nyimbo, na nyimbo zile zote zilikaa kichwani mwake. Simtoi kama ushahidi wa kitabibu. Namtaja kwa sababu aliendelea kuimba uzeeni, na akinamama wengi wenye vipaji tunawaambia kila siku wapumzike.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti wamewahi kuwakusanya wazee wenye dimenshia katika vikundi vya mazungumzo, michezo na nyimbo ili kuichangamsha akili, na matokeo yalitia moyo. Kazi ya aina hiyo haihitaji mashine. Msikiti, kanisa, kikundi cha ngoma au chama cha akinamama kinaweza kuianza wiki hii. Na kwaya iliyomstaafisha bibi wa miaka 70 kwa sababu sauti imekwaruza imrudishe, imweke safu ya nyuma kama ni lazima, lakini aimbe.

Kabla ya hapo, apimwe masikio. Upotevu wa usikivu umo katika orodha ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia, kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2024 ya jopo la jarida la The Lancet. Wakati mwingine tatizo ni nta tu, inayosafishwa zahanati.

Kisha aulizwe. Usimchagulie zilipendwa kwa kudhani kila mzee alicheza nyimbo za bendi za Msondo au Sikinde. Yupo aliyeacha dansi baada ya kuhiji, anataka kasida. Yupo wa Tenzi za Rohoni, na yupo wa ngoma za kwao ambazo hata redioni hazijawahi kupigwa. Muulize alicheza nini alipokuwa na miaka 20, na nani aliimba, uyaandike majibu sasa angali anaweza kuyatoa. Siku ukimpigia wimbo akaanza kutokwa na machozi, kaa naye umwangalie usoni. Wengine hulia kwa raha. Akionekana kuteseka, zima, jaribu mwingine kesho.