Chumvi Tusiyoiona

Juma lililopita tulimtembelea jirani mmoja, baba wa watoto wanne, ambaye mganga amemkuta na shinikizo la damu na kumkataza chumvi nyingi. Mkewe alikwisha kuondoa kichupa cha chumvi mezani. “Baba hagusi chumvi tena,” alituambia kwa furaha. Kisha akatukaribisha bukari, sombe na makayabo. Katika sombe alitia vile vidonge vinne vya kukolezea mchuzi, “ili chakula kipate ladha.”

Mama huyu anampenda mumewe kweli; lakini macho yamemdanganya, kama yanavyotudanganya wengi.

Tufanye hesabu, nanyi wanafunzi mshike kalamu. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa kupita ukingo. Na mtoto apewe pungufu. Kidonge cha mchuzi chenye gramu 4 huwa na chumvi gramu 2 hivi, au kupita. Vinne ni gramu 8. Makayabo nayo huhifadhiwa kwa chumvi ili yasioze: gramu 100 zake zaweza kuwa na gramu 10 na zaidi. Tuseme mama amepika nusu kilo, na nusu ya chumvi yake imetoka majini: zabaki gramu 25. Jumla ni 33. Gawanyeni kwa watu sita. Kila mmoja amekwisha kupita kipimo chake, wala chunguni hakijatiwa hata kijiko kimoja cha chumvi! Tena hatujahesabu mkate wa asubuhi, ambao huwa na gramu 1 hivi katika kila gramu 100, wala sardini za kopo.

Chumvi ikizidi mwilini huvuta maji. Damu huongezeka katika mishipa na kusukuma kuta zake kwa nguvu, na moyo huchoka. Miaka hupita bila maumivu yoyote. Halafu siku moja mshipa wa ubongo huziba au kupasuka. Baba huanguka, na upande mmoja wa mwili hupooza. Figo pia huharibika. Basi yatupasa kupimwa, hata tukijiona wazima.

Hata hivyo tusiichukie chumvi. Katika kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu, waganga waliochunguza katika miaka ya 1960 waliwakuta watu wengi wenye rovu, kwa sababu ya upungufu wa iodini. Chumvi iliyotiwa iodini huzuia ugonjwa huo. Tutumie hiyo, lakini kidogo, nasi tuipime kwa kijiko wenyewe.

“Sasa nitapikaje?” mama alituuliza. Tulimjibu: loweka makayabo usiku kucha, ukibadilisha maji mara mbili au tatu, punguza vidonge kimoja kimoja, kisha uviache, weka vitunguu, nyanya, tangawizi, pilipili na ndimu. Mazoea yana taabu, walisema wazee. Lakini ulimi nao hujifunza, na baada ya majuma machache chakula cha zamani utakiona kikali.

Tulipoaga jioni, tuliona beseni karibu na jiko. Makayabo ya kesho yalikuwa yamekwisha kulowekwa.