Safari ya Mabanda: Mabinti na Akina Mama Nao Waende



Ndugu wasomaji, kila likizo ya mwisho wa mwaka inapokaribia hapa Mbale, maneno ya safari huanza misikitini na majumbani. Vijana wanataka kupanda milimani wakapige kambi. Ni jambo jema, na Qur'an katika Suratul Ankabut imetuamrisha tutembee katika ardhi tutazame jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanzisha viumbe. Lakini hebu tutazame ni nani hasa anayekwenda. Mara nyingi ni watoto wa kiume na mahema ya kuazima. Mabinti hubaki nyumbani. Na akina mama wakichukuliwa, huchukuliwa pamoja na sufuria, wakapike kule kama wanavyopika hapa, ila kwa kuni mbichi.

Sisi hatukubaliani na utaratibu huo. Mtume (S.A.W.) alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze, na yule aliyetokewa na kura alikwenda naye. Na ni safarini aliposhindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), akashindwa mara ya kwanza, na siku nyingine akamshinda, akamtania kwamba wamelipana. Ikiwa yeye alipata nafasi ya kukimbia na mkewe njiani, baba wa Namatala au Malukhu atakosaje nafasi ya kutembea na mkewe na binti zake kwenye mashamba ya kahawa?

Hoja ya wazee tunaijua na tunaiheshimu. Wanasema binti halali hemani, mahali pa wazi, palipojaa watu wasio maharimu zake. Ni kweli. Lakini jibu lake si kumwacha nyumbani. Jibu ni kuacha hema na kukodi banda. Banda lina ukuta, lina mlango na lina kitasa. Familia moja ikichukua banda lake, baba yupo, kaka yupo, na binti anavua hijabu yake alale kwa amani. Pale Sipi, upande wa Kapchorwa, mabanda ya kukodi yapo kwa wenyeji wa pale. Na ndani ya Hifadhi ya Mlima Elgon, mahali paitwapo Kapkwai, Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda ina nyumba ndogo za wageni. Ila kule kuna ada ya kuingia hifadhini kwa kila mtu, kwa hiyo mwenye watoto sita apige hesabu kwanza. Kwa familia nyingi za Industrial Division tunaona Sipi yafaa zaidi.

Na si mbali. Kutoka Mbale ni kama kilomita 50 kwa lami, unapita Sironko, unapita Muyembe, halafu barabara inaanza kupanda na masikio yanaziba. Kule juu ni vilima juu ya vilima, migomba na kahawa imechanganyika, ng'ombe wawili watatu kila boma, na maporomoko matatu ya maji, kubwa lao likishuka karibu mita 100. Watoto wetu wanaona magunia ya kahawa yakipita kwa malori hapa mjini, wanalijua jina la Bugisu Cooperative Union lililokuwapo tangu mwaka 1954, lakini ukimuuliza mtoto mti wa kahawa ukoje, anatazama chini. Huko ataushika kwa mkono. Na mwenye kupenda mbio aambiwe kwamba Stephen Kiprotich, aliyechukua dhahabu ya marathoni kule London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei, wote ni wa vilima hivyo hivyo. Wasichana nao wakimbie asubuhi, nani kawakataza?

Kuhusu swala, kuna jambo watu hukosea. Wengi wakisikia safari hufikiri wamepata ruhusa ya kupunguza. Kwa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, umbali wa kupunguza ni zaidi ya kilomita 80. Sipi haifiki hapo. Adhuhuri ni rakaa nne kama nyumbani, na mwenye swali amwendee imamu wake kabla ya kuondoka. Kibla huko ni kaskazini, ukiinama kidogo tu kuelekea mashariki. Maghrib huingia kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, basi matembezi yaishe saa kumi na moja. Sipi iko juu kuliko Mbale kwa mita 600 au zaidi, na maji ya udhu alfajiri yanauma mifupa. Jaza chupa za chai maji ya moto usiku, na kila mtoto awe na blanketi na sweta.

Sasa tuje kwenye chakula, maana hapa ndipo safari nyingi za familia huharibika. Wenyeji wa huko wengi si Waislamu. Ni watu wakarimu, lakini usiwape mzigo wa kukuchinjia. Nunua kuku wao, nao wapate fedha, kisha mchinje wenyewe. Na kupika kuwe ni zamu ya wanaume. Ndiyo, wanaume! Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake. Baba awashe sigiri, wavulana wakatekate vitunguu na kumenya matoke. Wali ukiungua utaliwa hivyo hivyo. Tunataka mama akae kwenye mkeka nje ya banda, anywe chai aliyopikiwa, atazame bonde. Kwa siku mbili tu.

Ama kuhusu wakati, hapo hatuna mzaha. Ardhi ya Elgon inateremka mvua ikizidi. Machi 2010 mlima ulifunika watu Nametsi kule Bududa. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala iliingia mjini kwetu ikaua watu. Novemba 2024 udongo uliangukia vijiji vya Bulambuli, wilaya ileile ya Muyembe tunayopita. Kwa hiyo asitokee mtu akapanga safari ya Aprili au ya Novemba kwa sababu eti bei ya banda imeshuka. Januari ni kavu, na shule bado zimefungwa. Lakini Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2027 inatarajiwa karibu na tarehe 8 Februari, na mwaka 2028 itaingia mwishoni mwa Januari. Anayesema tutakwenda mwakani, mwakani, ajue nafasi inabanwa.

Wanafunzi wa kike wa chuo kikuu pale Nkoma, ambao wazazi wao wako mbali, swali lao ni gumu zaidi na hatutaki kulirahisisha. Kulala huko bila maharimu hatuwashauri. Lakini Sipi ni ya kwenda na kurudi mchana mmoja. Wakutane na familia saa mbili asubuhi, wapande taksi moja na akina mama, waone maji, wale, waswali Adhuhuri na Alasiri huko kila moja kwa wakati wake, na saa moja na nusu usiku wawe mabwenini. Viti viwili vitatu kila taksi viachwe kwa ajili yao, na nauli yao igawanywe kwa wenye familia.

Wabillahi tawfiq.