Jemadari Aliyeweka Upanga Chini Akawa Ngao ya Jirani

Ni nadra kuupita mtaa katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu hadi Vanga, usimkute barazani mzee aliyewahi kuvaa magwanda ya serikali. Watoto humwita Afande, wakubwa humpisha penye mkeka, na ukizuka ugomvi wa mpaka wa shamba au wa vijana waliopigana, yeye ni katika watu wa kwanza kuitwa. Heshima hiyo ni haki yake. Lakini heshima ina mwenziwe, naye ni wajibu. Yatupasa basi tuulize: jemadari akisharudisha upanga alani, je, kazi yake imekwisha, au ndipo inapoanza?

Jawabu twaweza kulipata katika maisha ya Amiri Abdulkadir bin Muhyiddin wa Algeria. Alizaliwa mwaka 1808 karibu na mji wa Mascara, katika nyumba ya wanazuoni. Baba yake alikuwa sheikh wa tarika ya Kadiria, tarika ile ile ambayo Sheikh Uways wa Barawa aliieneza katika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19. Kijana alihifadhi Kurani, akasoma fikihi, akaenda kuhiji pamoja na babake. Alilelewa kuwa mtu wa chuo na msikiti, si wa farasi na bunduki.

Vita ndivyo vilivyomfuata nyumbani. Mwaka 1830 Wafaransa waliuteka mji wa Algiers, na Novemba 1832 makabila ya magharibi ya nchi yakampa baia, naye ana umri wa miaka 24 tu. Akaunda jeshi lenye nidhamu, akapiga sarafu, akakusanya zaka, akaweka makadhi. Mwaka 1835 aliwashinda Wafaransa huko Macta, na mwaka 1837 Jenerali Bugeaud akatia naye sahihi mkataba wa Tafna, uliomwachia Amiri sehemu kubwa ya nchi. Mkataba huo ulivunjika mwaka 1839. Bugeaud akarudi na jeshi ambalo hatimaye lilifika askari laki moja, likachoma mashamba na kupora maghala ya nafaka. Mwaka 1845, katika milima ya Dahra, askari wa Kifaransa waliwasha moto mdomoni mwa pango walimokimbilia watu wa kabila moja, na mamia wakafa kwa moshi, wake kwa waume na watoto wao.

Mtu aliyetendewa hayo angaliweza kusema kwamba sasa hakuna mipaka. Yeye aliiweka. Alitoa amri kwamba mateka asiuawe wala asiteswe, na mwaka 1841 alibadilishana wafungwa na Wafaransa kwa mkono wa Askofu Dupuch wa Algiers. Doa lipo, na haki yataka litajwe: mwaka 1846, naye akiwa mbali na kambi, mateka wengi wa Kifaransa waliuawa na watu wake. Wanahistoria wengi wasema si yeye aliyeamrisha, lakini jambo hilo lilibaki likitajwa pamoja na jina lake.

Mwezi wa Desemba 1847 alipoona kwamba kuendelea ni kuwamaliza watu wake bure, aliweka silaha chini kwa ahadi ya kupelekwa Iskandaria au Akka. Ahadi haikutimizwa. Alifungwa Toulon, kisha Pau, kisha katika ngome ya Amboise, yeye na mama yake na wake zake na wafuasi wake, hata zaidi ya ishirini kati yao wakazikwa huko huko ugenini. Aliachiliwa Oktoba 1852 na Louis Napoléon, akapewa malipo ya kila mwaka, akaishi Bursa nchini Uturuki, na mwaka 1855 akahamia Damascus, mji wa Sham.

Hapo ndipo alipokuwa mstaafu. Hakuwa na jeshi, hakuwa na nchi. Alisomesha katika Msikiti wa Bani Umayya, akazama katika vitabu vya Ibn Arabi, na akawa mzee wa Waalgeria waliohamia mji ule, akiwasimamia katika mambo yao na kuwasaidia wenye dhiki.

Kisha ukaja mwaka 1860. Sultani wa Uturuki alikuwa ametangaza mwaka 1856 kwamba raia wake wote ni sawa, Waislamu na wasio Waislamu. Wengine hawakupendezwa, na kukazuka kutoelewana juu ya kodi waliyotakiwa Wakristo kulipa badala ya kuingia jeshini. Huko milima ya Lebanon, Wadruzi na Wamaroni walikuwa wamekwisha kuchinjana, na wakimbizi wakamiminika Damascus. Amiri aliinusa fitina kabla haijawaka. Aliwaendea wakubwa wa mji na gavana, akawaonya. Walimtuliza kwa maneno.

Tarehe 9 Julai 1860 umati uliuingia mtaa wa Wakristo, ukachoma na kuua. Abdulkadir hakungoja amri ya mtu. Alitoka na Waalgeria wake, wengi wao wakiwa wapiganaji wa zamani, wakapita vichochoroni wakiwatoa watu majumbani na kuwaleta nyumbani kwake. Nyumba ilipojaa, aliwapeleka kwa mafungu katika ngome ya mji chini ya ulinzi wa watu wake. Alitangaza zawadi ya fedha kwa kila Mkristo atakayeletwa kwake akiwa hai. Na umati ulipofika mlangoni pake ukidai wapewe waliojificha, alitoka akawakabili, wakarudi nyuma. Watu waliookoka kwa mkono wake ni maelfu. Gavana Ahmed Pasha, aliyekuwa na askari na mizinga asiizuie fitina, alihukumiwa na serikali yake mwenyewe akauawa mwaka huo huo.

Tuzitafakari sababu. Wafaransa walikuwa Wakristo. Walimchomea nchi, wakamvunjia ahadi, wakamzikia jamaa zake katika ardhi ya ugenini. Kama kuna mtu mjini Damascus aliyekuwa na kisingizio cha kufunga mlango wake siku ile, ni yeye. Lakini alijua kwamba Mkristo wa Damascus si aliyempiga Algeria. Huyu ni jirani, na jirani ana haki ambayo kosa la mwingine haliifuti. Alipoandikiwa barua ya shukrani na askofu wa Algiers, alimjibu kwamba alilolitenda lilimpasa kwa sheria ya Kiislamu na kwa haki za binadamu. Imam Shamil wa Dagestan, aliyepigana na Warusi muda mrefu na wakati ule ni mfungwa wao, naye alimwandikia kumsifu. Ufaransa ikampa nishani yake kubwa, na Marekani ikampelekea bastola za heshima.

Wako waliomlaumu, wakasema alikula malipo ya adui na kuisahau nchi yake. Lawama hiyo si ya kupuuzwa. Lakini Wafaransa walipotaka kumrudisha katika siasa za ufalme na vyeo alikataa, akabaki na darasa lake na watu wake hata alipofariki tarehe 26 Mei 1883. Na Algeria ilipopata uhuru mwaka 1962, haikupita miaka mingi ikayachukua mabaki yake kutoka Damascus, ikamzika Algiers kwa heshima ya mwasisi wa taifa. Wenyewe wenye nchi wamekwisha kuhukumu.

Ndugu msomaji asidhani kwamba hayo ni ya Waarabu wa mbali. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na usiku ule na siku zilizofuata majirani zetu wenye asili ya bara waliuawa, wakachomewa nyumba na vibanda, na maelfu wakakimbilia kanisa la Likoni. Waliofanya hayo walikuwa na malalamiko, na baadhi ya malalamiko hayo, kama ya ardhi na kazi, ni ya kweli hata leo. Lakini mama muuza mboga hakumnyang'anya mtu shamba. Na la kusikitisha zaidi, uchunguzi wa Human Rights Watch uliochapishwa mwaka 2002 ulieleza kwamba miongoni mwa waliowafunza washambuliaji walikuwamo watu waliowahi kuwa askari. Elimu ile ile ya silaha, Damascus ililinda mlango wa jirani, Likoni ikauvunja.

Ndiyo maana twasema kwamba askari hapimwi kwa vita alivyopigana peke yake, bali pia kwa siku ile ambayo hana tena mkubwa wa kumwamrisha. Mstaafu ana mambo matatu ambayo mtaa hauna budi kuyatumia: ajua fujo zinavyoanza, ajua kuwapanga watu, na vijana humsikiza. Akiwa na mambo hayo kisha akanyamaza, amekula amana.

Nasi tuliobaki tuna letu. Tusimngojee Afande hadi moshi uonekane. Amiri Abdulkadir alisikizwa mlangoni pake kwa kuwa alikuwa amekaa na watu miaka mitano, akiwasomesha na kuwasuluhisha. Wazee wetu waliotoka jeshini na polisi waitwe katika kamati za misikiti na mabaraza ya machifu wakati wa amani, wakae pamoja na wazee wa majirani zetu Wakristo, wajuane kwa majina. Nyumba isiyozoea kufunguliwa siku ya kawaida haifunguki siku ya moto.