Mama, hiyo nyumba ya kisasa unamjengea nani?

SEHEMU YA 1

Mama zangu, na baba mnaosoma kimyakimya bila kuweka hata nukta. Leo sizungumzii chanjo wala maziwa ya mama. Leo nazungumzia nyumba. Najua mtasema nesi na ramani za nyumba wapi na wapi. Subirini kidogo.

Msimu wa mvua uliopita, nikiwa zamu ya usiku, ililetwa familia moja alfajiri na bajaji. Mama ana mimba ya miezi sita, watoto wawili, na binti wa kazi. Wote wanne vichwa vinauma, wanatapika, wamelegea kama nguo mbichi. Kwetu huku kando ya ziwa mtu akija hivyo wazo la kwanza ni malaria. Tukapima. Wote wanne hakuna kitu. Wazo la pili, chakula. Lakini mtoto mdogo alikunywa uji tu, wengine walikula ugali na dagaa. Nikaweka kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni, kinasoma 98. Kwa kidude kile, hawa watu ni wazima.

Nikamuuliza mama, "Jana mlilala wapi?" Akasema sebuleni, wote, maana umeme ulikatika na kulikuwa na baridi. "Jiko je?" Akasema waliinjika maharage kwenye jiko la mkaa, yakaiva, wakaliacha hapohapo lipashe joto. Moshi ulikuwa umeshaisha, moto umebaki kaa jekundu zuri.

Nikaanza kuhangaika na oksijeni. Watoto walirudi vizuri, binti naye. Mama alipona yeye. Aliyekuwa tumboni hakupona.

Siku ya kuruhusiwa nilimuuliza kwa nini jiko liliingia ndani. Sitasahau jibu lake: "Dada nesi, jiko la nje tulilivunja tulipohamia. Baba watoto alisema linaharibu muonekano wa nyumba."

Mwenyewe ameniruhusu nisimulie, bila jina wala kijiji. Alisema niwaambie wenzake.

SEHEMU YA 2

Wengi mmeuliza: kama moshi ulikuwa umeisha, nini kiliwadhuru?

Mkaa ukiwaka mahali penye hewa kidogo hutoa hewa inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Moshi unakufukuza, hii haikufukuzi, inakulaza. Ikiingia kwenye damu inashika ile sehemu inayobeba oksijeni, na inaing'ang'ania mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni yenyewe. Ndiyo maana kidude cha kidoleni kinaweza kudanganya: kinaona damu imebeba kitu, hakijui ni kitu gani. Mtoto aliye tumboni anaumia zaidi ya mama, kwa sababu damu yake inaishika zaidi na inaiachia polepole.

Shikeni hii, hata kama hamtasoma sehemu nyingine. Nyumba nzima ikiumwa kichwa kwa pamoja, hakuna homa, na mkitoka nje mnapata nafuu, msikimbilie dawa ya malaria. Tokeni nje wote sasa hivi, halafu njooni hospitali. Na mkifika mtuambie kulikuwa na jiko ndani. Mwaseme kabla hatujauliza, maana usiku tunachoka na sisi.

Sasa turudi kwenye nyumba. Mie nimekulia Bugwema, nyumba ya bibi ilikuwa ya tope na bati chakavu. Kati ya ukuta na bati kulikuwa na upenyo unaopitisha mkono. Dirisha lilikuwa la mbao, halifungi vizuri tangu nazaliwa. Jiko lake mafiga matatu, kibanda cha nje. Siku ya mvua kubwa alikuwa anaingiza jiko ndani kama huyo mama. Hatukufa. Siyo kwamba bibi alikuwa na akili kutuzidi, ni kwamba nyumba yake ilikuwa inavuja hewa kila kona.

Nyumba ya huyu mama haivuji. Ina madirisha ya aluminiamu ya kuvuta, yenye mpira pembeni. Jipsam juu imezibwa na rangi mpaka kwenye kona. Mlango una ufito chini wa kuzuia vumbi. Tundu za hewa juu ya madirisha fundi alizifunika na lipu kwa sababu kwenye picha ya simu hazikuwepo. Yaani tumechukua tabia ya nyumba ya bibi tukaiweka ndani ya chupa.

Kosa langu na huyo mama siyo umaskini. Nyumba ile ni nzuri, mimi mwenyewe sina kama ile. Pesa ilikuwepo. Ilienda kwingine.

SEHEMU YA 3

Kuna watu wamekasirika. Eti nesi hataki watu waendelee, anataka turudi kwenye msonge. Hapana jamani. Kwenye msonge moshi ulikuwa unakaa ndani mchana kutwa, bibi zetu walikohoa mpaka kaburini na tukaita pumu. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa kupikia majumbani uliua watu zaidi ya milioni 3 mwaka 2020 pekee, na zaidi ya laki mbili kati yao ni watoto chini ya miaka 5. Sina hamu na msonge.

Ugomvi wangu ni na neno lenyewe, kisasa. Nani alituambia kisasa ni paa la kujificha?

Hebu liangalieni hilo paa. Limetoka kwenye picha za nchi nyingine, limepita Dar na Mwanza, sasa liko Musoma mpaka vijijini. Ukuta umepandishwa juu, bati limezama nyuma yake, nyumba inaonekana boksi. Inapendeza kweli, sikatai. Lakini paa letu la kawaida lilikuwa linatokeza nje ya ukuta, likatoa kivuli dirishani na likasukuma mvua mbali. La kujificha halitokezi. Jua la saa tisa linapiga ukuta na kioo moja kwa moja, chumba cha mtoto kinakuwa tanuri. Mvua inateremka ukutani. Na ule mfereji uliojificha nyuma ya ukuta, majani yakiziba maji yanatuama huko juu, hakuna anayepanda kutazama mpaka jipsam iote doa la kahawia. Maji yanayotuama mnajua nani anayapenda.

Halafu kibaraza kimekufa. Kile ambacho mama alikuwa anakaa na mwanae jioni, upepo wa ziwa unapita, kimegeuzwa nguzo mbili nene na ngazi ya marumaru. Ukikaa hapo unateleza.

Marumaru nitapita haraka, maana nimeshazisema sana. Za kung'aa zikiingia bafuni ni mtego kwa mjamzito na kwa mtoto anayeanza kutembea. Kama lazima, bafuni weka za kukwaruza. Meza ya kioo katikati ya sebule na mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayekimbia, hiyo mie sina neno. Nimeshona nyusi za kutosha.

Jirani yetu wa Butiama alishayaona haya zamani. Mwaka 1977, Mwalimu alipotazama miaka 10 ya Azimio la Arusha, alilalamika kwamba tumeshikwa na saruji na bati. Tunasubiri miaka tupate udongo wa Ulaya, wakati udongo wa kuchoma matofali na vigae tunaukanyaga. Aliona kilichofungwa ni akili. Sikubaliani naye kila kitu, bati lina faida zake, kwanza linakupa maji safi ya mvua. Ila swali lake bado liko palepale. Tunajenga tunachohitaji au tunajenga tusionekane washamba?

SEHEMU YA 4

Nimeulizwa: sasa nyumba nzuri kwa mtoto ikoje, au unalaumu tu?

Ipo, na imejengwa hapahapa Tanzania. Kule Magoda, Tanga, watafiti na wasanifu kutoka Denmark walijenga nyumba sita za majaribio, wakapima joto na mbu. Baadaye Mtwara wakajenga 110, kwenye vijiji 60, familia zikapatikana kwa bahati nasibu. Nyumba zile za Mtwara ni za chini na juu. Mnalala juu. Kuta za vyumba sehemu kubwa ni wavu unaopitisha upepo. Jiko lina njia ya kutolea moshi, choo kimefunikwa, mvua inavunwa kwenye tangi. Ukiiona mara ya kwanza unaweza kucheka, kama ghala. Hakuna jipsam. Lakini ukiuliza kila kitu pale kimewekwa kwa nini, unapata jibu, na jibu ni mtoto.

Sababu ya kulala juu: mbu wa malaria wengi huruka karibu na ardhi. Sababu ya upepo: mbu anatufuata kwa pumzi tunayotoa. Chumba kikizibwa pumzi inajaa, inakuwa kama umemwashia taa. Hewa ikipita pumzi inatawanyika. Akifika ukutani anapanda nao mpaka upenyo wa juu, anaingia. Kwa hiyo nyumba ya bibi ilikuwa na hewa lakini ilikaribisha mbu, na nyumba yako mpya inazuia mbu kidogo lakini inakupika. Ukishapikwa saa nne usiku unafanya nini? Unafungua dirisha lisilo na wavu, unapandisha chandarua juu kwa sababu ya joto, unalala. Asubuhi unaniambia, "Nesi, mbona sisi tuna nyumba ya kisasa na bado mtoto anaugua?"

Kinachokosekana ni wavu. Wavu wenye fremu, kwenye kila dirisha na kila tundu la hewa. Ni kitu cha bei ndogo kuliko karibu kila ulichoweka juu ya kichwa chako. Mwulize fundi wako leo jipsam ya sebule ni shilingi ngapi, halafu mwulize wavu wa nyumba nzima. Mie nilipouliza nilikaa chini.

Huku Bugwema, kwenye mashamba ya umwagiliaji na mabwawa na ziwa lenyewe, mbu hawajawahi kutuomba ruhusa. Nyumba isiyo na wavu huku, hata iwe na taa za rangi kwenye dari, mie naiita haijaisha.

SEHEMU YA 5, NAMALIZA

Wanaume mmeingia kwenye maoni. Karibuni. Mmoja kasema, "Nesi, serikali imesema tutumie gesi, jiko la nje la nini tena?" Hoja nzuri. Ni kweli, mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono kwa mikono miwili. Lakini kaka, mwambie ukweli mkeo: mtungi ukiisha tarehe 20 na mshahara ni tarehe 30, maharage yanapikiwa nini? Nyumba nyingi ninazozijua zenye mtungi zina na gunia la mkaa nyuma ya mlango. Mpaka siku gunia litakapoondoka kabisa, jiko la nje libaki. Lijenge zuri basi. Liezeke, lipake rangi ileile ya nyumba, liwe na ukuta upande wa mvua, na juu liwe wazi moshi utoke. Kama aibu ni muonekano, tatizo hilo linaisha kwa debe moja la rangi.

Mwingine kasema mimi nawafundisha wanawake kubishana na waume zao juu ya ramani. Ndiyo. Nani anaamka usiku mtoto akikohoa? Nani anapika? Aliyechora ramani hajawahi kubandika sufuria kwenye nyumba ile. Mama, siku fundi anakuja kuonyesha picha kwenye simu, kaa hapo. Usiende kuwachemshia chai ukasubiri kuambiwa. Uliza jua la jioni linapiga chumba gani, na mtoto atalala kipi. Uliza hewa inaingilia wapi na inatokea wapi, maana dirisha moja peke yake halipitishi upepo. Uliza tundu za hewa ziko wapi, na umwambie akizifunika na lipu hutamlipa hiyo siku. Uliza jiko.

Na kama nyumba imeshaisha, msilie. Tundu la hewa linatobolewa nusu siku. Wavu unapigiliwa na fremu ya mbao hata na kijana wa mtaani. Mkaa uwashie nje, hata mvua inyeshe ulowe. Na kulala na jiko ndani, hapana, hata dirisha likiwa wazi. Hilo sijadiliani.

Yule mama alirudi kliniki mwezi uliopita kuchoma mtoto wake sindano ya kidonda. Alinionyesha picha kwenye simu. Nyuma ya nyumba yao ile nzuri, nyeupe, wamejenga kibanda cha jiko, bati tatu, bado hakijapakwa rangi. Mumewe ndiye aliyeshika mwiko.

Maswali wekeni hapa chini. Usiku nipo zamu, nitajibu asubuhi nikitoka.