Muprotestanti kule Namugongo

Ndugu musomaji, pengine bibi yako ni Mukatoliki, na kila mwaka mwezi wa tano ukiisha anakuuliza: «Baba ya watoto, tutaenda siku gani Namugongo?» Wewe Muprotestanti unakunja uso. Mimi pasta nakuambia: mupeleke. Kama hauendi kusali kwa namna yao, enda kama mutembezi, na viatu vizuri na moyo mwepesi.

Njia ni ndefu kweli. Ukifuata barabara toka Lubumbashi, kuko Kasumbalesa kwanza, kisha Zambia, kisha Tanzania, ndiyo uingie Uganda, na kila inchi na feza zake. Utakuwa na kwacha na shilingi za namna mbili ndani ya mufuko, na kununua ndizi tu itakuwa hesabu ya shule. Usinungunike sana: kuko wenye kufika pale kwa miguu, hata toka Kenya.

Namugongo iko karibu kilometa 15 toka Kampala. Tarehe 3 Juni watu wanajaa pale kama siafu. Kuko ziwa dogo lililochimbwa, wanachota maji na kupeleka nyumbani. Acha wachote. Wewe angalia kanisa: ni la mviringo, kwa mufano wa nyumba ya Waganda wa zamani, na limesimama juu ya nguzo 22 za mukuba. Hapo sisi watu wa Katanga tunafungua macho! Lakini usigonge nguzo na kidole kwa kujua kama ni mukuba wa kweli. Watu wanasali.

Nguzo hizo ni hesabu ya mashahidi Wakatoliki, waliouawa wakati wa mufalme Mwanga kati ya 1885 na 1887. Sasa shika bibi mukono, muende upande wa Waanglikana, ni karibu. Mashahidi wao ni 23. «Hawa njo wetu,» utasema. Ndiyo, lakini tarehe 3 Juni 1886 vijana wa pande zote mbili walichomwa moto kule kule Namugongo, siku moja. Watu wa Buganda waliwaita wote jina moja: wasomaji. Kama wewe.

Na sikia mambo ya huzuni. Januari 1892, hata miaka sita haijaisha, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana kwa bunduki kule Mengo, mbele ya nyumba ya mufalme. Kapteni Lugard, Mwingereza, alisaidia Waprotestanti. Tulishinda, kama hiyo inaitwa kushinda. Kwetu kampini hakuna bunduki. Tunakataza tu mutoto asioe upande ule, na kwa matanga yao tunabaki inje, karibu na mulango.

Papa Francis alipofika Namugongo tarehe 28 Novemba 2015, alipita kwanza kwa Waanglikana, kisha akaenda kusoma misa kwa Wakatoliki.

Basi bibi akipiga magoti, mushikie mufuko wake. Na ile chupa ya maji ya ziwa, beba wewe. Njia ya kurudi ni ndefu, na maji ni mazito.