Nani Amefuma Nguo Yetu?

Zaidi ya mara moja tangu tupate uhuru mwaka 1961, taifa letu limejiuliza juu ya vazi la taifa. Kamati zimeundwa, michoro imeshindanishwa, na kila mara mjadala umeishia kwenye rangi za bendera na urefu wa joho. Sisi tunashikilia kwamba swali limeanziwa mwisho. Jambo la kwanza kuhusu vazi si namna lilivyoshonwa, bali ni nani aliyesokota uzi wake na nani aliyeufuma. Taifa lisiloweza kujibu hilo laweza kuwa na mshono wake, lakini halina vazi.

Wazee wetu walikuwa na jibu. Katika magofu ya Kilwa vimeokotwa vigae vilivyotobolewa, vilivyotumika kusokotea uzi. Na wasafiri wa karne ya 19 waliwakuta Wafipa na Wanyamwezi wakifuma shuka za pamba kwa mitambo ya mbao. Kazi hiyo haikufifia kwa uvivu wa wafumaji. Ilisongwa na majora ya viwanda vya ng'ambo. Baada ya Sultani Said kufanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, shuka za huko zilienea kutoka Unguja hadi bara, hata kitambaa chenyewe kikaitwa merikani. Lugha yetu ni shahidi: nguo iliyomsitiri babu ilibeba jina la nchi ya watu wengine. Kisha ukaja ukoloni. Mjerumani alimshurutisha mkulima wa kusini kulima pamba, na shuruti hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mkoloni aliitaka pamba yetu, hakutaka tuifume.

Tulipojitawala, tuliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 tulisema kwa sauti kubwa kwamba tutajitegemea. Hata hivyo, katika suala la vazi tulishika njia mbili kwa pamoja, nayo moja ilikuwa ya kupoteza. Mwaka 1967 na 1968 viongozi waliwahimiza Wamasai, na mara nyingine wakawalazimisha, waache lubega na wavae suruali. Kisha Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, iliyoanza tarehe 1 Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia. Tazameni mgongano huo! Kule umasaini suruali ilikuwa ustaarabu. Mjini ilikuwa kasumba. Na aliyebughudhiwa barabarani kwa jina la utamaduni alikuwa hasa msichana, ambaye hakuna aliyemwuliza kitambaa chake kilitoka wapi.

Njia ya pili ilikuwa ya kweli. Mwaka uleule wa 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na katika miaka iliyofuata nguo zilifumwa pia Mwanza, Arusha, Musoma na Morogoro. Kwa muda mrefu kanga, fahari ya mama zetu, ilikuwa imechapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani, ilhali maneno yake yalitungwa hapa kwetu. Tulitoa hekima, wengine wakatoa kitambaa na kuchukua faida. Kanga ilipochapwa Ubungo kwa pamba ya Usukumani, ndipo methali na uzi vilipokutana nyumbani kwao. Twathubutu kusema kwamba mtambo mmoja wa kufumia ulitumikia utamaduni wa taifa kuliko operesheni nzima ya kupima sketi.

Mitambo mingi ilinyamaza. Uhaba wa fedha za kigeni, ukosefu wa vipuri, umeme na maji, na gharama za vita vya 1978 hadi 1979 vilitubana; lakini tusijifiche nyuma ya hayo peke yake. Palikuwa na uzembe, wizi na usimamizi mbovu, na nguo nyingine zilichuja kabla hazijachakaa. Milango ya biashara ilipolegezwa mwaka 1984, mitumba ilipata njia. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa ifikapo 2019. Marekani ikatishia kufuta nafuu ya ushuru kwa bidhaa zetu. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Nani sasa atasema kwamba vazi ni jambo la ngoma na maonyesho tu?

Wako wanaotujibu kwamba mitumba humsitiri maskini na humlisha muuzaji. Ni kweli, nasi hatumcheki avaaye mtumba, maana wengi wetu tumeuvaa. Kupiga marufuku leo bila kufuma kesho ni kumvua mtu nguo mbele ya watu. Lakini kumsitiri maskini si sawa na kumwacha maskini milele. Sehemu kubwa ya pamba yetu bado husafirishwa ikiwa haijasokotwa, na kila robota liondokalo huondoka na ajira ya msokotaji, mfumaji, mtia rangi na mchapaji. Hiyo ndiyo bei halisi ya shati la bei rahisi.

Basi twawaomba walimu wasiufundishe utamaduni kama mkusanyo wa mambo yaliyopita, wala wasiukabidhi kwa kikundi cha ngoma kinachongoja mgeni wa heshima. Mwalimu wa historia na aeleze kwa nini kitambaa kiliitwa merikani. Wa jiografia afuate safari ya pamba kutoka Shinyanga hadi bandarini. Wa sayansi awaonyeshe vijana namna uzi unavyosokotwa na rangi inavyoshika. Na wewe mwanafunzi, kabla ya kwenda darasani kesho, geuza ukosi wa shati lako usome kibandiko chake. Ukikuta jina la nchi nyingine, usione haya. Jiulize pamba ililimwa na nani, na kwa nini ilibidi ivuke bahari ili irudi kukuvika.